Neno la Mhariri: Daftari Lisilofungwa

Kila msimu wa ufuta, mbaazi na soya unapowadia katika wilaya za Songea na Namtumbo, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama chake cha msingi, ukapimwa na kupokelewa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005, naye akarudi nyumbani na karatasi yenye namba, akingoja mnada upite na malipo yaifuate namba ile ile. Daftari la namba hizo halikukusudiwa kufungwa siku yoyote, wala hakuna awezaye kutaja leo namba ya mwisho itakayoandikwa humo. Toleo hili tumelitenga kwa nadharia ya otomata zisomazo maneno yasiyo na mwisho yaliyoandikwa kwa herufi zisizo na idadi, nami naona daftari la ushirika ni mfano wake halisi hapa kwetu.

Otomata ni mashine ya fikra yenye hali chache zinazohesabika, isomayo herufi moja baada ya nyingine na kubadili hali yake kwa kaida maalumu. Neno likiisha, hali iliyosimamia ndiyo hukumu. Neno lisipoisha, hukumu itolewe lini? J. Richard Büchi, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, alijibu katika makala iliyochapishwa mwaka 1962: neno na likubaliwe endapo mashine, katika mwendo wake usiokoma, itairudia hali iliyoteuliwa mara zisizo na ukomo. Kwa kaida hiyo alithibitisha kuwa tawi zima la mantiki juu ya namba asilia laweza kuamuliwa kwa hesabu, na ukaguzi wa programu zisizotakiwa kuzimika umeegemea kazi yake tangu hapo.

Walakini herufi za Büchi zilikuwa na idadi. Mashine yake yaweza kuhakikisha kwamba mzigo ukiingia, malipo hutoka mapema au baadaye. Malipo hayo ni ya nani, haiwezi kusema. Mwaka 1994 Michael Kaminski na Nissim Francez waliipatia otomata isomayo maneno yenye mwisho rejista chache, kila moja ikihifadhi alama moja, wakairuhusu jambo moja tu juu ya alama hizo, nalo ni kulinganisha kama hii ndiyo ile au siyo.

Na tulipime daftari letu kwa mashine hiyo, hukumu yake ikiwa ile ya Büchi. Tukitaka kuikamata dhuluma, yaani stakabadhi iliyoingia isilipwe abadan, rejista moja yatosha: mashine huteua namba moja kwa kubahatisha, huihifadhi, kisha hukesha milele ikiitazama safu ya malipo. Tukitaka kinyume chake, yaani mashine iyakubali yale madaftari tu ambayo kila mkulima amelipwa, ni muhali, na burhani yake inastahili kusomwa taratibu. Chukua mashine yenye rejista 1,000. Iandikie mfululizo stakabadhi 1,001 zenye namba mbalimbali, kisha malipo ya zote, kisha mwendelezo wowote ulio sahihi usiokoma, mradi usizimalize namba zote. Inapomaliza stakabadhi na kabla haijaanza malipo, pana namba moja kwa uchache isiyomo katika rejista zake. Kuanzia hapo, kila namba hiyo itokeapo, weka mahali pake namba ngeni isiyoonekana popote daftarini. Mashine, madhali haijui ila kulinganisha na kilichohifadhiwa, haitaona tofauti yoyote. Italikubali daftari la pili kama ilivyolikubali la kwanza, na mkulima mmoja atakuwa ameachwa bila malipo huku mashine ikishuhudia kuwa mambo ni salama.

Katika ulimwengu wa Büchi, liwezekanalo kutambuliwa, kinyume chake nacho hutambulikana. Katika ulimwengu wa namba zisizo na idadi, usawa huo umevunjika. Hili ndilo jambo ninalotaka viongozi wa ushirika, wahasibu na vijana wetu wanaounda programu walishike barabara: kumbukumbu isiyokua pamoja na idadi ya wanaodai haiwezi kuwadhamini wanaodai, na mtu akikuuzia mfumo kwa kusema kwamba umekwisha kunasa makosa mengi, hajakuthibitishia bado kwamba hakuna lililopita.

Kukosa mwisho nako kuna gharama yake peke yake. Stéphane Demri na Ranko Lazić walionyesha, katika makala ya mwaka 2009, kwamba kwa mantiki ya nyakati itazamayo mbele tu, yenye rejista moja, swali la kama sharti fulani laweza kutimizwa hupata jibu kwa hesabu maneno yakiwa na mwisho, ijapokuwa kwa kazi kubwa mno. Yasipokuwa na mwisho, hakuna utaratibu wa hesabu uwezao kulijibu daima.

Elimu hii haihitaji maabara wala mashine ya thamani. Yahitaji karatasi, kalamu na subira, vitu ambavyo mwalimu wa sekondari wa Songea anavyo sawa na mhadhiri wa ng'ambo. Kwa hiyo namwomba msomaji, kabla hajafungua makala zifuatazo, achukue sharti jipya, kwamba stakabadhi mbili zisiwe na namba moja, aunde mashine ya rejista moja inayomkamata mvunjaji wake, kisha athibitishe kuwa hakuna mashine ya rejista inayokubali yale madaftari yaliyolitimiza tu. Burhani zitakazotufikia, zikiandikwa kwa Kiswahili na hatua zake zote zikionekana, tutazichapa katika toleo lijalo.