Afya Nyumbani: Kidonda cha Goti Jipya Kisifichwe



Zamani mzee aliyeharibika nyonga au goti hakuwa na la kufanya ila kushika fimbo na kukaa barazani. Siku hizi, katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, madaktari huondoa kiungo kilicholika na kutia kingine cha chuma na plastiki. Wengi hurudi nyumbani wakitembea vizuri. Lakini yuko adui mdogo awezaye kuiharibu kazi hiyo yote, naye ni kijidudu.

Jambo hili lilimsumbua sana daktari Mwingereza, John Charnley. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza kutia nyonga za namna ambayo madaktari wa nchi nyingi waliifuata. Nyonga zilikuwa nzuri, lakini hapo kwanza wagonjwa kama 7 katika kila 100 waliingiwa na vijidudu. Charnley akafikiri kwamba hewa ya chumba cha upasuaji hubeba vijidudu vitokavyo katika miili ya watu waliomo. Basi akatengeneza kijumba ndani ya chumba, chenye kupitishiwa hewa iliyochujwa, na mavazi ya kuvuta pumzi za wapasuaji na kuzitoa nje. Mwaka 1972 akatangaza kwamba wanaoharibikiwa wamepungua, wamekuwa kama 1 katika 200.

Mbona vijidudu vichache viogopwe hivyo? Sababu ni hii: mwili hupigana kwa damu, maana damu ndiyo ichukuayo askari wake. Chuma hakina damu. Kijidudu kikishika juu ya chuma hujijengea utando, kama ule utelezi ndani ya mtungi usiosuguliwa, na chini ya utando huo dawa haikifikii vizuri.

Dalili zake ni hizi: jeraha kuendelea kutoa maji au usaha, uvimbe kuzidi, ngozi kuwa ya moto au kubadilika rangi, homa, au maumivu mapya katika kiungo kilichokwisha tulia. Pengine homa haipo kabisa. Tena ugonjwa huu waweza kuja hata baada ya miaka, vijidudu vikisafiri katika damu kutoka kwenye jipu, jino bovu au kidonda cha mguu. Kwa hiyo mambo hayo yatibiwe mapema, na mwenye kisukari aangalie sana sukari yake.

Ukiona dalili, usipake majani, wala usinunue vidonge dukani. Vidonge huweza kutuliza homa siku chache, na vijidudu vikabaki palepale. Tena daktari akitoa maji ya kiungo kuyapima, huenda asivione. Mrudisheni mgonjwa upesi kwa waliompasua. Akiwahi, pengine wataweza kufungua, kuosha, kubadili ile plastiki na kukiacha chuma mahali pake. Akichelewa, mara nyingi chuma chote hutolewa, mgonjwa hutumia dawa majuma mengi, ndipo hupasuliwa tena atiwe kingine.

Hapa ndipo penye hatari katika nyumba zetu. Watoto wamechanga fedha, pengine ng'ombe ameuzwa, na mama anaona haya kusema kwamba goti linatoa maji. Anajifunga kitambaa, anashusha kanga, anasema hajambo. Anadhani anawapunguzia watoto gharama, kumbe anaiongeza, maana nauli ya leo ni ndogo kuliko upasuaji wa pili.

Basi enyi vijana, msingoje wazee waseme. Nawa mikono, mwombe mama kwa adabu akuonyeshe goti lake, ulitazame. Nanyi wazazi, mtoto akiuliza, msimfiche.