Wazazi, Nani Anawachagulia Watoto Wetu Gemu?



Ndugu wazazi wa Inde, Arua na Koboko, leo tunataka kulisema hadharani jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona nje ya msikiti baada ya swala, kisha tunaliacha hapo hapo: gemu za video. Tunatangaza msimamo wetu mapema. Hatukubaliani na wanaosema kila mashine ivunjwe. Na hatukubaliani kabisa na wanaosema "mwacheni mtoto acheze, bora asiwe barabarani". Makundi haya mawili yanagombana kila siku, lakini kosa lao ni moja: hakuna aliyeuliza ndani ya ile sidi mna nini.

MASHINE MOJA, SIDI NNE

Mashine tunayoizungumzia ni PlayStation 2. Ilitoka Japani mwezi Machi 2000, na kiwanda kikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, ndiyo maana mitumba yake imefika mpaka huku kwetu. Tena iliwafaa watu wa West Nile. Sisi tulikaa nje ya gridi ya taifa mpaka 2024, umeme ukija na kuondoka upendavyo. Mashine isiyodai intaneti, inayowashwa kwa jenereta dogo na televisheni ya zamani, ilikuwa rahisi kuiweka popote.

Gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo ni maelfu. Lakini ingia kwenye banda la gemu uhesabu zinazochezwa. Utakuta mpira, mieleka, Mortal Kombat ya kung'oana vichwa, na Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004, ambayo mchezaji wake ni mhalifu wa mitaani anayeiba magari na kupiga watu risasi. Huko Ulaya gemu hiyo iliwekewa alama ya miaka 18. Huku kwetu inanakiliwa, inatiwa kwenye mfuko wa plastiki usio na alama yoyote, na anayeicheza ni mtoto wa miaka 9 ambaye bado hajamaliza Juzuu Amma.

Kwa nini ni hizo hizo tu? Sababu ni ya biashara. Banda linauza dakika. Mechi ya mpira inakwisha upesi, watoto wawili wanainuka, wawili wanakaa, hela inaingia. Gemu ya hadithi inataka saa nyingi, mchezaji mmoja, na memori kadi ya kuhifadhi alipofikia ili kesho aendelee. Gemu ya namna hiyo haimpi mwenye banda faida. Basi mwenye banda ameshawachagulia watoto wetu kwa kipimo cha mfuko wake, na sisi wazazi tumeridhika na uchaguzi wake.

ANAYEFUNGWA ANALIPA

Liko jambo jingine linalotuuma zaidi. Watoto wana utaratibu wa kucheza kwa sharti kwamba anayefungwa ndiye atakayelipia mechi ya wote wawili. Wanaona ni utani. Lakini kila mmoja anapoketi akiwa hajui kama atalipa au atalipiwa, na ushindi ndio unaoamua, hiyo ni kamari. Allah (S.W.T.) ameikataza kamari pamoja na ulevi katika Surat al-Maidah, aya ya 90 na 91, na akatueleza sababu: inaleta uadui na inazuia watu na swala. Anayetaka kushuhudia uadui huo akasimame nje ya banda jioni. Hata sheria ya Uganda ya 2016 kuhusu bahati nasibu na kamari imemkataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki. Kijana aliyezoea kulipa kwa kufungwa akiwa na miaka 10 hatashangaa mlango wa duka la kubeti akifika 20.

"BASI YOTE NI HARAMU!"

Hapa ndugu zetu wa upande wa pili watasema: si mnaona? Vunjeni! Tunawaheshimu, wengine ni walimu wetu. Lakini tunawauliza: Wahabeshi hawakucheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.), na Bi Aisha (R.A.) akiwatazama? Na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Mtume hakuona farasi mwenye mbawa miongoni mwa wanasesere wa Bi Aisha, akamuuliza habari zake, na jibu la yule binti likamfanya acheke mpaka meno yakaonekana? Farasi wa mbawa ni kitu cha kubuni, na hakuambiwa akitupe. Mchezo una mipaka yake: usiwe na kamari, usiwe na uchi, usiwe na shirki, usipoteze swala. Ukishaijua mipaka, kazi inayobaki ni kuchagua, na kuchagua kunadai jasho kuliko kukataza.

ZILIZOSAHAULIWA

Nasi tumechagua. Tunazitaja gemu za mashine hiyo hiyo ambazo zilisifiwa na wajuzi lakini hazikupata wanunuzi wengi, na katika mabanda hazionekani.

1. Ico (2001). Imetengenezwa na Mjapani Fumito Ueda. Mtoto anazaliwa na pembe, kijiji kinaamini ni nuksi, anapelekwa kufungiwa ndani ya ngome. Humo anamkuta binti ambaye lugha yake haielewi hata neno. Anamshika mkono, na gemu nzima ni kutafuta njia ya kutoka pamoja. Akimwacha, vivuli vinakuja kumteka. Maneno ni machache sana, kwa hiyo asiyejua Kiingereza haachwi nyuma. Malkia wa ngome ni mchawi, naam, lakini ndiye adui. Tunaoishi jirani na kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Lobule tuna mengi ya kuzungumza na watoto juu ya kumshika mkono usiyeielewa lugha yake. Na Uislamu umeshatukataza kuamini nuksi.

2. Beyond Good & Evil (2003). Ni kazi ya Mfaransa Michel Ancel. Jade ni mpiga picha anayelea mayatima wa vita katika mnara wa taa. Silaha yake kubwa ni kamera: anapiga picha za wanyama ili apate riziki, kisha anakusanya ushahidi kwamba jeshi linalojiita mlinzi wa watu linawadanganya. Habari ichunguzwe kabla ya kuaminiwa, kama tunavyofundishwa katika Surat al-Hujurat. Tuwe wakweli: mavazi ya Jade si ya stara, na mjomba wake ana sura ya nguruwe. Kumtazama si kumla! Lakini hii ni ya vijana wakubwa, na mzazi awe karibu.

3. Katamari Damacy (2004), ya Keita Takahashi. Mfalme wa mbingu za hadithi ameharibu nyota kwa upuuzi wake, na mwanawe mdogo anatumwa kuzitengeneza upya. Anasukuma mpira unaonata, ukiokota pini, kisha matunda, kisha baiskeli, mwisho majumba. Hakuna damu. Na akina baba tuzingatie nani alivunja na nani anatumwa kuunga.

Na iko tunayoikataa. Okami (2006) ni nzuri ajabu, imechorwa kama kwa wino na brashi, na studio iliyoitengeneza ilifungwa 2007 bila kazi hiyo kupata wanunuzi iliyostahili. Lakini mchezaji ndiye mungu wa jua wa Wajapani katika umbo la mbwa mwitu, na nguvu zake zinaongezeka kwa imani ya watu juu yake. Hatuiingizi nyumbani kwa mtoto ambaye tauhidi yake bado inajengwa. Uzuri wa kazi hautoshi kuwa hoja. Mwenye kupima lazima awe na gemu anayoikubali na gemu anayoikataa, na aweze kueleza kwa nini.

TUFANYE NINI?

Gemu hizi hazitaingia katika mabanda, sababu tumeshaitaja. Lazima ziingie kwetu. Familia 4 au 5 zinaweza kuchanga mashine moja ya mitumba na memori kadi moja. Iwekwe sebuleni, isiwekwe chumbani. Ichezwe Jumamosi baada ya chuo, kwa saa moja, na adhana ikisikika izimwe, mtoto asiseme "nimalizie kwanza". Pasiwe na shilingi yoyote juu ya kushinda. Na mzazi akae. Akae atazame, aulize: huyu ni nani, kwa nini umemsaidia, ungefanya nini ungekuwa wewe? Mzazi asiyeweza kukaa saa moja kwa wiki na mwanawe asilalamike kwamba banda limemchukua.

Na wenye mabanda, nanyi ni ndugu zetu na wengine tunaswali safu moja. Hatuombi mfunge riziki zenu. Tunaomba mambo matatu: msimwekee mtoto San Andreas, mpige marufuku mchezo wa anayefungwa analipa, na mfunge mlango wakati wa swala ya Ijumaa. Atakayekataa, sisi tutawaambia watoto wetu wasiende kwake, na tutalisema hilo kwa uwazi.

Ewe mzazi, leo jioni mwanao akirudi, kabla ya kumgombeza muulize jina la gemu aliyocheza na ndani yake mnafanywa nini. Ukiwa hujui jibu, anza hapo.

Allah atujaalie kuwa wachunga wema wa tuliokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.