Tuseme Sawasawa: Makosa ya Kiingereza Yasiyochekwa



Mtu asafiriye asubuhi kwa gari la abiria kutoka Ruiru kwenda Thika hakosi kusikia watu wakichekana kwa sababu ya Kiingereza. Mmoja atasema "load" badala ya "road", na gari zima litaangua kicheko. Jambo hilo si la ajabu. Kikuyu hakiandikwi kwa herufi ya "l", basi mtoto wa Kiambu huingia shuleni ulimi wake ukiwa haujazoea kuitenga sauti hiyo na "r". Lakini hebu tujiulize: kosa hilo limemdhuru nani? Mtu akimwambia dereva kwamba ng'ombe amesimama katikati ya "load", dereva atashika breki vilevile. Maana imefika.

Leo napenda kuzungumza juu ya makosa ya namna nyingine, yaani yale yasiyochekwa na mtu. Hayachekwi kwa sababu hayasikiki. Msemaji hutamka sentensi iliyo safi kabisa katika masikio ya Mwingereza, ila maana yake ni nyingine, na pengine ni kinyume cha ile aliyoikusudia. Msemaji hajui kwamba amekosea, wala msikilizaji hajui kwamba hakuelewa. Wote wawili huenda zao wameridhika, na hasara hufuata nyuma.

La kwanza ni jibu la "yes" na "no".

Kijana mmoja alikuwa mtunza ghala katika shamba la maua sehemu zetu hizi. Siku moja magunia ya mbolea yalionekana kupungua. Meneja, mgeni asiyejua Kiswahili, alimwita akamwuliza: "You did not return the key?" Maana yake, hukurudisha ufunguo? Kijana alikuwa na hakika kwamba aliurudisha, basi akajibu upesi: "No, sir."

Kwa Kiswahili jibu hilo halina kasoro. Ukiulizwa "Hukurudisha ufunguo?" nawe uliurudisha, utajibu "La," yaani si kweli hayo usemayo. Na kama hukuurudisha, utajibu "Ndiyo," yaani ni kama usemavyo. Kwetu sisi jibu huyapima maneno ya mwulizaji. Kiingereza hakifanyi hivyo. Chenyewe hulitazama tendo. Tendo likiwa lilifanyika, jibu ni "yes". Likiwa halikufanyika, jibu ni "no", swali liulizwe kwa njia yoyote ile. Kwa hiyo kijana alisema, "La, niliurudisha," na meneja akasikia, "Sikuurudisha." Akaandika katika karatasi kwamba mfanya kazi amekiri kosa.

Kijana aliniletea barua ya kusimamishwa kazi nimsaidie kuijibu. Aliisoma mara nyingi, asijue ni lini alikiri. Nilimwomba anieleze neno kwa neno alivyoulizwa na alivyojibu, na hapo ndipo fundo lilipofunguka. Tuliandika barua, daftari la mlinzi wa lango likatazamwa, na humo ikaonekana saa ufunguo uliporudishwa. Kijana alirudi kazini, lakini majuma matatu yalikuwa yamekwisha kupita bila mshahara, na karo ya watoto haingojei.

Basi dawa ni hii: swali la Kiingereza likiwa na "not" ndani yake, usilijibu kwa neno moja kamwe. Toa sentensi nzima. Sema "I returned it," au "I did not return it." Hapo hakuna awezaye kukugeuzia maneno, hata bila kukusudia.

Tena yafaa wafanya kazi waijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, humtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya utovu wa nidhamu amweleze kwanza sababu, katika lugha ambayo mfanya kazi huyo anaifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama cha wafanya kazi mahali pale. Kadhalika Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, humpa mshitakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kuomba kusemeshwa kwa Kiswahili si kukiri ujinga. Ni kuitumia haki iliyoandikwa.

La pili ni saa.

Mkulima mmoja wa kahawa upande wa Ruiru alimwandikia mtaalamu wa udongo barua nzuri ya Kiingereza, akimwomba afike shambani siku ya Jumanne "at three o'clock". Yeye alikusudia saa tatu ya asubuhi. Mtaalamu alifika saa tisa ya alasiri. Alikuta nyumba imefungwa, maana mkulima alingoja hata akachoka, akaenda kiwandani kupeleka kahawa yake mbivu ambayo haiwezi kulala. Kila mmoja alimlaumu mwenzake kuwa hana adabu ya wakati, na miche ile ikakosa ushauri hata msimu ukapita.

Sisi huanza kuhesabu saa jua lichomozapo, na katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Waingereza huanza kuhesabu usiku wa manane, wakaanza tena adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili. Njia nyepesi ya kukumbuka ni kuutazama uso wa saa ya ukutani: saa ya Kiswahili hukaa ng'ambo ya pili, mkabala na saa ya Kiingereza. Mbili yetu hukabili nane yao, tatu yetu hukabili tisa yao. Na uandikapo barua, ongeza neno "in the morning" au "in the afternoon". Maneno hayo matatu yangaliokoa safari ile.

La tatu ni "he" na "she".

Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke katika kitendo. "Amefaulu" yaweza kuwa ya Juma au ya Asha. Basi mtu akiandika kwa haraka, mkono hujiandikia "he" tu. Baba mmoja aliandika kuomba msaada wa karo kwa ajili ya binti yake. Ukurasa mzima alimwita "my child", kisha akaendelea na "he" mwanzo hata mwisho. Karani aliyepokea barua hakumjua mtoto, akamweka katika orodha ya wavulana. Orodha ya wasichana ilipobandikwa, jina halikuwamo, na msichana akalia akidhani amenyimwa. Jambo lilisahihishwa baadaye, lakini kama baba asingalikuwa mtu wa kufuatilia, nafasi ile ingalipotea. Umalizapo barua, irudie tangu juu, na kila uonapo "he" jiulize: ni nani huyu?

La nne ni "lend" na "borrow".

Katika Kiswahili neno "azima" hutumika pande zote mbili: "nimeazima jembe" na "niazime jembe". Kiingereza kina maneno mawili: atoaye hu-"lend", apokeaye hu-"borrow". Mwanachama aliyeandika katika daftari la fedha "I lent five thousand shillings from the society" alidhani ameandika kwamba amekopa. Msomaji wa hesabu akasitasita, maana "I lent" humfanya mtu huyo kuwa mdai, na maneno "from the society" humfanya kuwa mdaiwa. Katika mambo ya fedha, sentensi ya namna hiyo ni mbegu ya ugomvi. Ukitaka kukumbuka, fikiri hivi: kilicho changu na-"lend", kisicho changu na-"borrow".

Sasa tazameni, wasomaji, makosa yote haya manne yana asili moja. Hakuna hata moja lililotokana na uvivu au upungufu wa akili. Kijana wa ghala alifikiri sawasawa, mkulima alihesabu saa sawasawa, na baba alimtaja bintiye sawasawa. Ila kila mmoja alifikiri katika lugha yake, akabadili maneno tu. Neno lilivuka mto, lakini maana ilibaki ng'ambo. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi wa Kiingereza si kukusanya maneno makubwa. Kazi yake ni kujua pale ambapo njia ya lugha yake na njia ya lugha ya wenzake zinaachana.

Naomba niongeze neno juu ya kuchekana. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika Kiambu hiihii, alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule wa zamani zake walivyochapwa, au kuvikwa kibao shingoni cha kuwaita wajinga au punda, wakisikika wakisema Kikuyu. Kibao kile kimekwisha, lakini kicheko chetu garini ni mtoto wake. Mtu aliyechekwa kwa "load" haulizi tena. Huitikia kwa kichwa asipoelewa, hutia sahihi asichokisoma, na hujibu "yes" ili mazungumzo yaishe. Hivyo ndivyo kosa dogo linalochekwa linavyozaa kosa kubwa lisiloonekana. Mcheza kwao hutuzwa; basi nasi tuwatuze wenzetu wanaojaribu, kwa kuwasahihisha polepole, faraghani, kama ambavyo tungependa kusahihishwa.

Mwisho, haya ni mazoezi ya juma hili. Sahihisheni sentensi hizi tatu, na pembeni ya kila moja andikeni ni kwa nini Mswahili huikosea:

1. Please borrow me your bicycle until Friday.

2. My sister is sick and he cannot come at two o'clock in the morning to sell the milk.

3. "Did you not receive the letter?" "Yes, I did not receive it."

Majibu yatakuwa katika ukurasa huu juma lijalo, Mungu akipenda. Kuuliza si ujinga, na kuanza upya si ujinga. Kwaherini.