Mbu Aliyetambua Rangi ya Ngozi

Vijana wapendwa, tumechoka kusikia maneno haya, tena midomoni mwenu: kwamba watu wa Kamalondo na Katuba wanaugua kwa sababu ni wachafu, na kwamba wakati wa Wabelgiji kila mtu alitunzwa vema. Si kweli, nasi tunayapinga.

Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, na tangu miaka yake ya mwanzo iligawanywa kwa amri ya serikali. Wazungu huku, Waafrika kule, na katikati uwanja mtupu wa mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: mbu aliyemwuma Mwafrika asiweze kuruka hadi kwa Mzungu na kumpelekea malaria. Usiku, Mwafrika asiye na ruhusa hakutembea katika mji wa Wazungu. Lakini boyi aliyepika na kufua alilala katika kijumba nyuma ya nyumba ya bwana wake. Je, mbu alimpita huyo bila kumgusa? Aliyehitajiwa kwa kazi hakuogopwa. Basi ugonjwa ulikuwa kisingizio tu.

Hospitali nazo zilitengwa kwa rangi. Tusiwadhulumu: tangu miaka ya 1920 Union Minière iliwatibu wafanyakazi wake pamoja na wake na watoto wao. Ilihitaji mikono ya kuchimba shaba. Lakini chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na hata mganga mmoja Mkongo mwenye shahada. Waganga Wabelgiji walipokimbia kwa wingi majuma machache baadaye, wagonjwa walibaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi wa waganga.

Sheria zile zilifutwa. Mitaa iliyochorwa kwa sheria zile ingalipo, na mahali bomba halikupitishwa hapapati maji kwa kubadilishwa bendera. Viongozi wetu wamekuwa na zaidi ya miaka sitini ya kulipitisha. Hatutawaficha nyuma ya Wabelgiji.

Nasi walimu tuna hesabu ya kutoa. Tumewafundisha watoto kunawa mikono na kuchemsha maji, somo jema kabisa, bila kuuliza nao maji hayo yanatoka wapi, wala nani aliamua bomba lipite mtaa gani. Mtoto alitoka darasani akiamini kwamba kuhara kwake ni aibu ya mama yake.