Ufundi wa Tovuti Haufundishwi kwa Imla

Ndugu walimu wenzangu, nanyi wazazi mnaolipa ada, nina neno juu ya namna tunavyowafundisha vijana wa vyuo kazi ya kutengeneza tovuti. Naandika nikiwa Segerea, Wilaya ya Ilala, baina ya Tabata na Kinyerezi, makao ya watu wa shughuli ndogo ndogo: mama wa vitumbua, fundi cherehani, mwenye duka la saruji na misumari. Wengi wao hujinyima ili mtoto apate stashahada ya kompyuta. Nami nasema bila kumumunya maneno: katika madarasa mengi niliyoyaona, mtoto huyo hafundishwi kutengeneza tovuti, bali huandikishwa maneno juu ya tovuti.

Mambo huenda hivi. Mwalimu huingia na daftari lake la miaka mingi, husoma kwa Kiingereza, na vijana huandika. Intaneti ni nini? Taja faida tano za tovuti. Muhula ukikaribia kwisha hupelekwa chumba cha kompyuta mara mbili au tatu, watano kwa mashine moja. Mmoja hubonyeza vitufe, na wanne humtazama mgongo. Kisha huja mtihani, nao ni wa karatasi. Kijana huandika msimbo kwa kalamu ya wino, na mwalimu huusahihisha kwa macho, ilhali kivinjari kingeusoma kwa nukta moja na kumwonyesha ukurasa ulivyotoka, ukiwa mzuri au mbovu. Aliyekariri sana hupata alama ya juu. Mwambieni sasa atengeneze ukurasa mmoja tu wa duka la mamaye, atawatazama.

Na hilo daftari lenyewe! Bado wako wanaofundisha ile alama ya HTML ya kuchagua rangi na ukubwa wa herufi, ambayo wenye kuweka kanuni walishauri isitumike tena katika HTML 4, mwezi wa Desemba 1997, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa imekwisha kupewa CSS mwaka mmoja kabla. Mwanafunzi wa leo alikuwa hajazaliwa. Bado wako wanaopanga ukurasa mzima ndani ya jedwali, kama mtu ajengaye nyumba kwa masanduku. Nimeona hata maelezo ya FrontPage, programu ambayo Microsoft iliacha kuiendeleza mwaka 2006, na ya Flash, ambayo Adobe ilikoma kuitunza tarehe 31 Desemba 2020. Mzazi ameuza vitumbua ili mwanawe ajifunze kutumia chombo kilichokwisha kuzikwa.

Nendeni Kariakoo mkawatazame mafundi cherehani. Anayejifunza hupewa kipande cha kitambaa apige mshono. Ukipinda, hufumuliwa, naye huanza tena. Sijaona fundi amwandikishaye mwanafunzi maana ya sindano kwa miezi mitatu. Kwa nini basi sisi tuliosoma tuwe wajinga kuliko fundi?

Tena wavuti haikuzaliwa kwa imla. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na kabla ya mwaka 1990 kwisha alikuwa amekwisha kujenga seva ya kwanza na kivinjari cha kwanza kwa mkono wake. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba kazi hiyo ni ya watu wote, pasipo malipo. Zawadi ile alipewa mtoto wa Segerea sawasawa na mtoto wa London. Na katika ukurasa wa wavuti liko jambo ambalo halimo katika mashine nyingi: kivinjari cha kompyuta humruhusu mtu yeyote kufungua na kutazama jinsi ukurasa ulivyoandikwa. Ni kama karakana isiyo na mlango. Sisi tunawapitisha vijana mbele yake wameinamia madaftari!

Najua nitakavyojibiwa. Watasema, hatuna vifaa, intaneti ni ghali, umeme hukatika. Zamani udhuru huu ulikuwa na uzito. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Na hata intaneti ilipotufikia, tuliipata kwa njia ya setilaiti kwa gharama kubwa, mpaka mwaka 2009 waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kwa chini ya bahari. Lakini ukurasa wa HTML wataka nini? Wataka programu ya kuandikia maneno matupu na kivinjari, na vyote viwili vimo katika kompyuta hata kuukuu, wala havihitaji intaneti hata kidogo. Faili huandikwa na kufunguliwa katika mashine ile ile. Kijana asiye na kompyuta aweza kuanza kwa simu yake. Ni kazi ya taabu, nakiri, kwa kuwa kioo ni kidogo, lakini mkono wake utakuwa umeanza kujua. Mashine tano zikitumiwa kwa zamu kila siku zafundisha zaidi ya mashine arobaini zilizofungiwa chumbani mpaka siku ya ukaguzi.

Wengine watalitupia lawama Baraza. Hapana. Mitaala ya NACTVET yataka umahiri, yaani kijana aonyeshe awezalo kufanya. Tunaoigeuza kuwa imla ni sisi.

Liko somo ambalo silioni katika madaftari hayo, nalo kwa watu wetu ni la kwanza: uzito wa ukurasa. Maneno ya ukurasa mzima hayazidi kilobaiti chache. Picha moja iliyopigwa kwa simu, ikawekwa bila kupunguzwa, yaweza kufika megabaiti nne. Weka picha tano za namna hiyo, na mteja atapoteza megabaiti ishirini za bando lake ili ajue tu bei ya mfuko wa saruji. Wateja hamsini watakuwa wamekula megabaiti elfu moja. Yule mwenye duka hatajua kwa nini watu hawaji. Atasema tovuti ni udanganyifu, na kijana mwingine akimwendea kesho atafukuzwa. Hivyo tunaharibu soko la wanafunzi wetu wenyewe.

Na lugha je? Alama za HTML ni za Kiingereza, na zitumikazo kila siku hazizidi chache kumi. Kijana atazijua kwa juma moja. Lakini sababu ya kila alama aelezwe kwa Kiswahili. Maneno tunayo: tovuti, kivinjari, kiungo, seva, msimbo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Atakayesema lugha yetu haitoshi anachelewa miaka mingi.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ChatGPT ilipotokea, limezuka neno jipya: ya nini kufundisha, ikiwa akili mnemba huandika msimbo wenyewe? Wanaosema hivi nawaona kama mtu akataaye kumfundisha mwanawe kusoma kwa kuwa yuko karani. Mashine huandika, naam, na mara nyingi vizuri. Lakini huandika pia makosa kwa uso mkavu ule ule. Asiyejua kusoma msimbo atamkabidhi mwenye duka kitu asichokijua yeye mwenyewe, na siku kitakapoharibika hatakuwa na la kusema. Kwa aliyejifunza kwa mkono, mashine hiyo ni msaidizi. Kwa aliyekariri daftari, ni bwana wake.

Basi nawapa walimu wenzangu mtihani wa muhula ujao. Wekeni kalamu za wino kando. Kila kijana atafute mwenye duka mmoja mtaani kwake, amtengenezee ukurasa, auweke hewani. Siku ya mtihani mwenye duka aitwe, aufungue kwa simu yake mwenyewe, yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja. Akiiona bei ya saruji kabla hajachoka kungoja, mpeni kijana alama zake. Asipoiona, kijana arudi akapunguze picha.