Je, Ziwa la Chumvi Limekufa?

Sisi wa Bariadi tumeyazoea maji matamu ya mto Simiyu, uendao Ziwa Victoria. Kwa hiyo watoto wakisikia habari za Ziwa Eyasi, lililo mpakani mwa Meatu, husema, "Lile limekufa, lina chumvi tu." Mimi siyakubali maneno hayo.

Kweli, maji yake ni makali. Mto Sibiti huyaleta kutoka Ziwa Kitangiri, wala hayana njia ya kutokea. Jua huyakausha, chumvi hubaki. Wazee wa Usukuma walikwenda huko kwa miguu kuichukua. Lakini ndani ya maji hayo mna viumbe vya kijani, vidogo hata jicho halivioni kimoja kimoja, navyo hujipatia chakula kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya mti. Heroe, ndege wa miguu mirefu, hugeuza kichwa juu chini, akavichuja kwa mdomo wake. Na rangi yake ya waridi yatoka katika chakula hicho. Mvua zikiwa nyingi huwamo na perege, ambao huitoa chumvi mwilini kwa matamvua yao. Kiangazi kikizidi, ziwa hukauka karibu lote, samaki hufa, ndege huhama.

Hufa samaki, silo ziwa. Nami nashika sana neno hili, kwa sababu kitu kisemwacho kimekufa hakitunzwi. Mtu akisadiki hivyo, hataona vibaya kukata miti ukingoni mwa Sibiti, mvua ikapeleka udongo ziwani. Mimi mwenyewe nililifundisha neno hilo darasani miaka mingi. Leo nalifuta ubaoni.