Kiatu Kisichomtosha Mwanamke

Wengi wetu tulisimuliwa hadithi ya Cinderella: msichana mpole na mtiifu anaolewa na mwana wa mfalme, dada zake wa kambo wanaadhibiwa. Intan Paramaditha, mwandishi wa Indonesia, katika kitabu chake cha hadithi fupi Sihir Perempuan (2005), anamwachia dada wa kambo asimulie. Sasa ni kipofu, hana kidole gumba cha mguu. Kilikatwa kwa kisu ili kiatu kimtoshe.

Tunavyoona sisi, kiatu hicho ni kipimo cha "mwanamke mwema" kilichoshonwa na wengine. Asiyeenea hukatwa aenee. Upinzani wake ni kusimulia: yaliyokuwa yakisemwa juu yake, sasa anayasema mwenyewe.

Sisi mafrateri tunaojiandaa kuhubiri tujiulize: tunapomsifu mama anayepigwa kwa kuwa amevumilia kimya, je, tunasifu fadhila au tunanoa kisu? Uvumilivu ni fadhila; kunyamazishwa ni dhuluma. Kabla hatujamfundisha mwanamke namna ya kuwa mwema, tuketi kwanza tumsikilize.